Karani Bila Mshahara

Zamani kazi ya kusoma mita ilikuwa na mwenyewe. Kijana alikuja na kalamu sikioni, akachungulia, akaandika, mbwa wa jirani akamtoa mbio, na mwisho wa mwezi akapokea mshahara wake. Leo mita anaisoma nani? Wewe. Hesabu anapiga nani? Wewe. Umeme anauwasha nani? Wewe huyohuyo, umesimama juu ya kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, simu mkono wa kushoto, kidole cha kulia kinapapasa vitufe vilivyofutika namba. Wanaita maendeleo. Mimi naita kuajiriwa bila barua.

Umeme huu wa kulipia kabla hapa Uganda unaitwa Yaka. Neno lenyewe ni la Kiganda, na Mswahili halimpigi chenga: ni "waka" tu iliyovaa kanzu. Unaiambia nyumba iwake. Sasa jaribu kuiambia. Piga *165# au *185#, kutegemea laini yako. Chagua malipo, chagua umeme, andika namba ya mita, tarakimu 11. Namba hiyo hakuna binadamu anayeikariri. Iko nyuma ya mlango, iliandikwa kwa mkaa siku mlipohamia, na 1 yake na 7 yake ni mapacha. Unapokwenda kuimulika, menyu inakufa, kwa sababu menyu hizi za nyota hazina subira. Ukikaa kimya kidogo mtambo unahesabu kwamba umekata tamaa. Unaanza upya. Kwa hiyo, ushauri wa bure: namba ya mita iwe kwenye kiganja kabla hujabonyeza nyota. Na kabla hujaweka namba ya siri, soma jina la mwenye mita linalojitokeza. Likiwa jina la mtu humjui, usijifariji eti "labda ndiye mwenye nyumba". Utamwashia mtu wa Mbarara aangalie mpira, nawe ubaki na mshumaa.

Tokeni ikifika ina tarakimu 20. Isome nne nne, kama unavyomsomea mtoto imla, usiifukuze yote kwa pumzi moja. Mita ikikasirika hujibu kwa neno moja la Kizungu. Ikisema imetumika, kuna mtu nyumbani kwako ameshaiingiza, na ndiye aliyeacha pasi ikiwaka. Ikisema ni ya zamani, imepitwa na nyingine uliyoingiza baada yake. Ikikataa tu, umekosea tarakimu au tokeni si ya mita yako. Usirudie kwa hasira; kuna mita zinazojifunga kwa muda ukikosea mara nyingi. Nyumba ambazo mita iko juu ya nguzo na kidude cha kubonyezea kiko sebuleni, kuna vidude vinavyotumia betri. Betri zikilala, mwenye nyumba anaita fundi, fundi anaweka betri mpya, anatikisa kichwa kama daktari, analipwa pesa ya mita nzima.

Halafu Novemba 2024 tukaletewa mtihani wa taifa. Kisa chake ni hiki. Mita za aina hii, hapa na nchi nyingine nyingi, husoma kwenye kila tokeni dakika iliyotengenezwa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993, ili mtu asiingize tokeni ileile mara mbili. Nafasi iliyoachwa kwa hesabu hiyo inatosha dakika 16,777,216 na si moja zaidi. Waliobuni waliona hiyo ni milele. Milele ikaisha tarehe 24 Novemba 2024. Dawa ikawa kubadilisha ufunguo ndani ya kila mita, na wa kubadilisha ni nani? Mtaalamu aje na gari? Thubutu. Ni karani wetu juu ya kiti cha plastiki.

Uliponunua umeme kipindi hicho, mistari mitatu ilikuja, kila mmoja tarakimu 20. Wa kwanza na wa pili ilikuwa ufunguo, wa tatu ndio umeme wenyewe. Tarakimu 60, kwa mpangilio huohuo. Wenye haraka, na nani hana haraka giza likishaingia, waliruka moja kwa moja kwenye mstari wa tatu. Mita ikawatazama tu. Wengine walianza na wa pili. Lakini waliolia kweli ni wale wajanja waliokuwa wamenunua tokeni mapema, wakaificha kwenye simu kama akiba. Mita ikishabadilishiwa kitasa, ufunguo wa zamani ni chuma tu. Ilitakiwa kuingiza kwanza ile ya akiba, ndipo mistari miwili ifuate. Machi 2025 mkataba wa kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme ukaisha, na Aprili mosi UEDCL ya serikali ikashika usukani. Jina kwenye ujumbe likabadilika. Karani ni yuleyule.

Na bei nayo inataka mhasibu. Yuniti 15 za kwanza za kila mwezi zimekuwa shilingi 250 kila moja, bei ya kumhurumia mnyonge. Yuniti ya 16, huruma inakwisha, bei inaruka karibu mara tatu. Ukivumilia ukavuka 80, kuanzia ya 81 hadi ya 150 ilipangwa bei ya kupikia, shilingi 412, ili watu waache mkaa. Yaani ili upike maharage kwa bei nafuu ni lazima kwanza uwe umetumia umeme ghali wa kutosha. Maharage yenyewe hayajui yako kwenye yuniti ya ngapi. Na sisi wa muzigo, yaani vyumba vya kupanga, vyumba vitano mita moja, huruma ile ya yuniti 15 ikigawanywa ni yuniti 3 kwa kila mlango. Tatu! Hapo hujachemsha hata maji ya kuoga ya mtu mmoja mrefu. Ndiyo maana tarehe 1 ya mwezi vyumba vitano vinakimbilia simu, kila mmoja anataka anunue wa kwanza, halafu tarehe 4 wanalaumiana nani ana friji.

Pesa ya simu sitaitukana, maana ndiyo iliyotutoa kwenye kutuma noti ndani ya bahasha kwa dereva wa basi na kuomba Mungu. Imekuwapo tangu 2009 na imezoeleka kuliko chumvi. Lakini nayo imetupa ukarani. Mama kijijini Soroti anataka 100,000 za ada ya shule. Ukituma 100,000 kamili, umetuma tusi. Lazima uongeze "za kutolea". Sasa piga hesabu: kuna makato ya kampuni kwa mujibu wa jedwali, na juu yake kuna kodi ya serikali, asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa, yaani 500 kwenye hiyo laki. Jedwali linakwenda kwa madaraja, kodi inakwenda kwa kiasi. Kwa hiyo wakala akikwambia "tutoe mara mbili, hamsini hamsini", kodi haipungui hata senti, ila makato ya kampuni kwa kawaida yanapanda, na kamisheni yake yeye inanenepa. Mwambie kwa heshima: ssebo, yaani bwana, mara moja inatosha.

Na hiyo 0.5 tuipigie saluti, kwa sababu ilianza kama jini. Julai 2018 ilikuwa asilimia 1, ukiweka, ukituma, ukipokea, ukitoa. Watu wakapiga kelele, mwaka haujaisha ikashushwa na kubaki kwenye kutoa peke yake. Wakati huohuo kulikuwa na shilingi 200 kwa siku ili ufungue WhatsApp na ndugu zake, elfu 6 kwa mwezi wa siku 30, na ulipaji wake ulipitia pesa ya simu. Ulilipa ili ukaruhusiwe kusema "habari za asubuhi". Wanafunzi wakajifunza VPN, ile njia ya kupenya kizuizi cha mtandao, kabla ya kujifunza kukokotoa. Julai 2021 ile 200 ikafutwa, tukashangilia, tukaletewa asilimia 12 kwenye data. Juu ya hiyo kuna asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Chukua kalamu: data ya shilingi 1,000, ukigawa kwa 1.12 kisha kwa 1.18, inabaki kama 757. Zile 243 zinakwenda kujenga nchi. Sipingi nchi kujengwa. Nauliza tu kwa nini fundi anaamka kila ninapotaka kuangalia picha ya mtoto wa shangazi.

Ila usimwonee wakala wa kibandani ukimkuta anasema "kashi hakuna". Watu humtukana, nao hawajui hesabu yake. Mtaji wake ni mmoja wenye nguo mbili. Tuseme ana milioni 2: asubuhi milioni 1 ni noti kwenye mtoto wa meza na milioni 1 ni floti kwenye simu. Wakija watu watano kutoa laki mbili mbili, noti zimekwisha na floti imekuwa milioni 2. Tajiri kabisa, na hawezi kukubadilishia hata pesa ya rolex, ile chapati iliyoviringishwa na yai moja. Wiki ya shule kufunguliwa wote wanataka kutoa. Siku za biashara wote wanataka kuweka. Mwenye akili huenda kutoa asubuhi dukani kunakouza jumla, maana huko noti zinaingia saa zote, au ulizia kwanza kabla hujapanga foleni: "Mama, leo una nini, kashi au floti?" kama unavyouliza nyama au samaki.

Sasa nenda Kikuubo, kule kwenye maduka ya jumla ya Kampala, uone karani mwenye duka. Serikali ilileta EFRIS, mfumo wa risiti na ankara za kielektroniki, na tangu Januari 2021 mfanyabiashara aliyesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani lazima autumie. Mauzo ya mwaka yakivuka milioni 150, unatakiwa ujisajili. Kwenye karatasi inapendeza: kila ankara ina namba yake na mchoro wa kumulika kwa simu, mteja anahakiki, mwizi anakosa pa kujificha. Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka, Kikuubo pakawa kimya hata njiwa walishangaa. Wengi walidhani wanakataa kodi tu. Sehemu ya kweli ya maumivu iko kwenye stoku.

Mfumo haukubali uuze kitu usichokiingiza. Unasajili bidhaa, unaipa fungu lake katika orodha ndefu kuliko foleni ya Jinja Road, unachagua kipimo, ndipo unaingiza idadi. Hapo kwenye kipimo ndipo sukari inapomwagika. Umeingiza mifuko 10 ya kilo 50, mteja anataka kilo 2. Mfumo unajua mfuko, haujui kilo, mpaka uwe umeueleza tangu mwanzo kwamba mfuko mmoja ni kilo 50. Hukueleza? Basi mteja amesimama, mtoto mgongoni, nawe unatafuta jinsi ya kuuza asilimia 4 ya mfuko. Na yule aliyekuuzia nyanya au maboksi ya biskuti, yeye hana ankara ya kielektroniki, ana karatasi ya daftari la shule na sahihi kama nyoka. Kodi uliyomlipa, kama ilikuwemo, huwezi kuidai bila ankara ya mfumo. Ukiuza, unaonekana kama mtu aliyezaa bidhaa hewani. Wenye akili waliajiri kijana wa kuingiza stoku kila jioni. Wale wa meza moja, jioni hiyohiyo wanaingiza wenyewe, huku mtandao unazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Lakini karani mkuu kuliko wote ni kitambulisho. Namba ya kitambulisho cha taifa, NIN, ina herufi na tarakimu 14. Inaanza CM kwa raia mwanamume au CF kwa mwanamke, halafu tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Bila hiyo hakuna laini ya simu, hakuna pesa ya simu, hakuna pasipoti. Kadi za mwanzo zilitolewa 2014 kwa miaka kumi, ikafika 2024 zinakufa, zikaongezewa uhai, na Mei 2025 uandikishaji mpya ukaanza, safari hii na mboni ya jicho. Jicho ni jambo jema, kwa sababu vidole vya mfyatua matofali vimekwisha. Mashine inavitazama inaona kopo.

Tatizo ni zile tarakimu mbili za mwaka wa kuzaliwa. Wazee wa miaka 80 na zaidi wana haki ya shilingi 25,000 kwa mwezi. Mzee aliyezaliwa "mwaka wa nzige", karani wa 2014 akamkadiria kwa kumtazama usoni, na kwa kuwa mzee alikuwa amenyoa vizuri siku hiyo, kadi inasema ana 69. Wajukuu zake wana mvi. Kurekebisha: fomu mtandaoni, namba ya malipo ya PRN unayoitengeneza mwenyewe, nayo ina siku yake ya kufa, kisha benki au simu, ada ya marekebisho shilingi 200,000. Yaani pensheni ya miezi 8 ili kuthibitisha unastahili pensheni.

Na baada ya mboni, baada ya PRN, baada ya mchoro wa kumulika, ofisa anainua macho kwenye kompyuta na kusema leta barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, yenye muhuri. Muhuri wa mpira, wino wa zambarau. Unatembea hadi kwa mwenyekiti. Mkewe anakukaribisha vizuri, anakupa kiti. Mwenyekiti amekwenda msibani Masaka tangu juzi, na muhuri anatembea nao mfukoni, kwa sababu wa kwanza uliibwa.