Hurulaini katika kila insha

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za watoto wa shule ya msingi nchini Kenya anamfahamu mhusika huyu: mrembo kama hurulaini, meno meupe kama theluji, shingo ya upanga, maringo ya tausi. Jina hubadilika, leo Amina na kesho Wanjiku, lakini sura ni ileile, kwa sababu imetoka kwenye orodha iliyoandikwa ubaoni na kukaririwa na darasa zima. Swali linalowagawa walimu ni iwapo orodha hiyo inamfundisha mtoto wa miaka minane au tisa kumsawiri mhusika, au inamwondolea haja ya kumtazama mtu.

Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Kwa mtoto anayekutana na Kiswahili sanifu darasani tu, kwa kuwa nyumbani huzungumzwa Kikamba au Kijaluo, kuambiwa aeleze alichokiona bila kupewa maneno ni sawa na kutumwa kisimani bila ndoo. Kukariri nako si aibu katika lugha yetu, kwani methali na tenzi zimetufikia kwa njia hiyo. Isitoshe, mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, ulimpa mtahiniwa dakika 40 za kuandika insha, na kwa muda huo tamathali zilizokwisha kuiva kichwani zilikuwa akiba ya kweli. Mtihani umeondoka, mazoea yake bado yapo.

Kasoro ya orodha ni kwamba hukaa kwenye mwili na kuisahau tabia, tena hugeuka matusi kwa wepesi: mnene kama nguruwe, mweusi kama makaa. Mtoto mwenye mwili mkubwa husikia kicheko cha wenzake kabla hajalielewa somo. Ngano zetu hazikufanya hivyo. Fisi tunamjua kwa ulafi kwa sababu alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kuzifuata zote hadi akapasuka msamba; hakuna msimulizi anayehangaika na urefu wa masikio yake.

Hata sarufi inaelekeza huko. Vivumishi vya asili vya Kiswahili si vingi, na sifa nyingi za mtu hutajwa kwa "mwenye", kwa "wa" na kwa "asiye": mwenye subira, wa maneno mengi, asiyekubali kushindwa. Kwa hiyo zoezi linalomtaka mtoto aorodheshe vivumishi kumi kabla ya kuandika, ambalo huenda linafaa katika somo la Kiingereza, hapa humfikisha haraka kwenye "mzuri" na "mrefu", kisha humwacha hapo. Mwalimu anayeuliza "huyu hufanya nini akikosewa?" hupata kitenzi, na kitenzi huvuta sentensi nzima.

Ni kweli kwamba katika darasa la watoto 60 mwalimu hawezi kumhoji kila mmoja. Njia mojawapo ni kuazima mtindo wa kitendawili. "Kuku wangu katagia miibani" huleta nanasi bila kulitaja. Vivyo hivyo mtoto anaweza kumweleza mtu kwa matendo matatu, wenzake wakabashiri ni nani. Ningependa abashiriwe fundi viatu wa mtaani au mama muuza mandazi, si mwanafunzi mwenzao, kwa sababu watoto wakipewa ruhusa ya kuelezana hawana huruma.

Kwa maoni yangu, kinachogombaniwa hapa ni utaratibu tu, kipi kitangulie. Mtoto aliyeandika "Rafiki yangu ni mzuri, anapenda chapati" aulizwe kwanza amejuaje. Akijibu kwamba rafiki huyo hula nusu, nusu nyingine akaikunja na kuitia mfukoni ampelekee mdogo wake, hapo ndipo mwalimu amfundishe kwamba mtu wa namna hiyo huitwa mwenye mkono wazi.