Hamsini Ni Hamsini

Juzi rafiki yetu alitimiza miaka hamsini, na kabla hajanawa uso simu yake ilishajaa salamu za aina moja: "Hamsini ndiyo thelathini mpya!" "Hufanani kabisa na umri wako!" Najua waliotuma wanampenda. Lakini nilikasirika, na hasira hiyo haijanitoka.

Ukimsifu mwanamke kwamba hafanani na umri wake, umeshakubali kuwa umri huo ni aibu, ila yeye kaponea chupuchupu. Je, yule aliyezaliwa naye mwaka mmoja, mwenye mvi na mikunjo shingoni, yeye umemwambia nini? Tunaambiwa dunia imebadilika, mwanamke wa makamo siku hizi hatupwi. Imebadilika, sikatai. Ila mengi tunayoyashangilia ni ruhusa ya kuendelea kuonekana msichana. Heshima ya utu uzima wenyewe bado tunaidai.

Angalieni mabadiliko ya kweli yalivyopatikana. Mwaka 1953 shirika la American Airlines liliweka sharti kwamba mhudumu wa kike wa ndege akifika miaka 32 aache kazi hiyo. Miaka 32! Mashirika mengine ya Marekani yakaiga. Wanawake wale waliungana katika vyama vyao vya wafanyakazi, wakalalamika rasmi, wakafikisha malalamiko hadi mbele ya wabunge, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 masharti hayo yakaanza kuanguka. Hakuna krimu iliyoyaangusha.

Halafu kuna hili wazo kwamba uzazi ukikoma, mwanamke kabakia tu. Watafiti walioishi na Wahadza, jamii ya wawindaji na wakusanyaji chakula wa Tanzania, waliona wanawake waliokwisha kuacha kuzaa wakichimba mizizi kwa bidii kuliko wasichana, na chakula hicho ndicho kilichowashibisha wajukuu wakati mama zao wananyonyesha wachanga. Hata baharini iko hivyo. Nyangumi wauaji wa pwani ya Pasifiki huacha kuzaa wakikaribia miaka arobaini, kisha wanaweza kuishi miongo mingine mingi, na samaki wakiadimika ni majike hao wakongwe wanaotangulia mbele ya kundi. Sitaki kuambiwa kwamba nusu ya pili ya maisha ya mwanamke ni makombo.

Nina mwenzangu kazini aliyekuwa anasoma hesabu za mwaka mbele ya wakuu pale joto lilipompanda ghafla. Jasho lilimtiririka kutoka kwenye nywele hadi kwenye ukosi wa blauzi, karatasi ikalowa pale aliposhika. Akafuta uso kwa kiganja, akaendelea na tarakimu zake mpaka mwisho bila kukosea hata moja. Kijana mmoja akamuuliza kama anaumwa. "Siumwi, mwanangu. Ni kukoma kwa hedhi. Haya, swali lako la bajeti lilikuwa lipi?" Mama yangu asingethubutu kulitamka hilo mbele ya wanaume. Hapo ndipo ninapokubali kwamba kuna kitu kimesogea.

Anayetaka kupaka nywele rangi na apake, ni kichwa chake. Wanaume nao wanazeeka, ndiyo, ila mvi zao tunaziita busara.

Kinachoniuma zaidi ni afya. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu tiba ya homoni kwa wanawake waliokoma hedhi ulisitisha sehemu yake moja kwa sababu ya madhara, na hofu ikaenea duniani kote. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, wengi wao hedhi ilikuwa imekoma zamani. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa wengi wenye afya njema wanaosumbuliwa na dalili, wakiianza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, faida huzidi hatari. Lakini hofu ilibaki, na wanawake wakaendelea kukosa usingizi usiku kucha na mifupa yao kudhoofika, wakiambiwa "ni umri tu, mama."

Ukiambiwa hivyo, usiinuke kitini. Uliza: umri huu una tiba gani, inanifaa au hainifai, na kwa nini? Daktari akuangalie usoni akujibu, kama angemjibu binti wa miaka ishirini na tano.