Basari mkononi, kura ya Juni mfukoni

Mbunge anayetetea kiti chake huanza hotuba kwa hesabu: madarasa mapya, maabara, kituo cha polisi, watoto waliopata basari. Umati unapiga makofi, mzee mmoja anaomba kipaza sauti aulizie karo ya mjukuu wake, na kabla jua halijatua msafara umeondoka. Jinsi mheshimiwa alivyopiga kura bungeni haikuulizwa.

Kenya inaelekea uchaguzi wa Agosti 2027, na kwangu kura moja inastahili kuulizwa katika kila eneo bunge. Tarehe 20 Juni 2024, Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, ulipita hatua ya pili kwa kura 204 dhidi ya 115. Siku tano baadaye ukapita hatua ya mwisho, 195 dhidi ya 106, na mchana huohuo waandamanaji wakavamia Bunge. Watu waliuawa. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini.

Wale 195 wana utetezi, na si wa kupuuzwa. Kodi ya asilimia 16 kwa mkate na ile ya asilimia 2.5 kwa magari zilikuwa zimeondolewa kabla ya kura. Mbunge ni mmoja kati ya 349, na anayemkaidi kiranja wa chama anahatarisha nafasi yake kwenye kamati. Tena serikali ilikuwa na madeni ya kulipa, kodi au bila kodi. Shida yangu ni kwamba maelezo haya hayafiki kijijini. Akisimama mtu aseme, “Nilipiga ndiyo, na sababu ni hii,” nitamsikiliza hata nisipokubaliana naye. Tunacholetewa ni hundi ya kadibodi yenye urefu wa meza, ya kupigia picha.

Hapo lakini lazima nijikosoe. Zamani nilikuwa mwepesi wa kuiita basari hongo, tena kwa sauti. Mama ambaye mwanawe amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo hana nafasi ya kutenganisha sera na fedha za shule. Kwake karo ndiyo sera. Hazina ya maeneo bunge, CDF, ambayo ndiyo hulipia basari hizi, ilianzishwa mwaka 2003, na zipo shule ambazo darasa lao la kwanza la mawe lilitoka humo.

Fedha hizo hata hivyo ni za umma. Sheria ya 2015 inaitengea hazina si chini ya asilimia 2.5 ya mgawo wa mapato wa serikali ya kitaifa, lakini mwananchi hushukuru kana kwamba zimetoka mfukoni mwa mheshimiwa. Kifungu cha 95 cha katiba kinampa mbunge kazi ya kuwakilisha, kutunga sheria, kugawa fedha na kusimamia serikali. Kujenga vyoo vya shule hakimo. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo ya 2015 inakiuka katiba. Wabunge walijibu Julai 2025 kwa kupitisha mswada wa kuiingiza hazina ndani ya katiba yenyewe, wakivuka theluthi mbili inayohitajika bila hata mmoja kupiga kura ya kupinga. Kwenye kodi ya mwananchi waligawanyika. Kwenye hazina wanayoitumia kuombea kura, wakawa kitu kimoja.

Lawama hii si yao peke yao. Mkono mtupu haulambwi, tunasema, kisha tunamtarajia mbunge kila harambee na kila matanga. Anayebaki Nairobi akisoma miswada tunasema amepotea, na wapinzani wake wanalirudia neno hilo hadi siku ya kura.

Kumwita mbunge nyumbani, yaani wapiga kura kumvua kiti kabla ya muhula kwisha, nako ni shida. Kifungu cha 104 cha katiba kinatoa haki hiyo, ila Mahakama Kuu ilifuta mwaka 2017 vifungu vya sheria vilivyoieleza njia yake, kwa kuwa viliwawekea wapiga kura vizingiti visivyofaa. Basi kinachobaki ni mkutano na kisanduku cha kura.

Mzee wa kipaza sauti aulize karo, ni haki yake. Anayefuata aulize kura ya Juni 25, na aulize pia kuhusu vile vipengele vya mswada huo vilivyorudi Desemba 2024 kwa mlango mwingine, ndani ya sheria nyingine ya kodi. Mheshimiwa akisema hakumbuki, majina ya kura ya Juni yamo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge.