Vifaranga vya tewa tutavifungulia wapi?

Juzi gatini hapa Lamu nilimwona samaki tewa akipasuliwa. Tumbo lilipofunguka ikatoka mifuko miwili ya mayai, minene, ya manjano. Mpasuaji akaitupa pembeni, na paka wetu mnawajua. Mimi nikanunua kichwa, nikaenda zangu.

Jioni barazani ikazuka mada hiyo hiyo: tewa wamekwisha. Kijana mmoja aliyesomea mambo ya uvuvi akasema dawa ni kuwazalisha kwenye matangi, kisha vifaranga vifunguliwe baharini. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikakataa.

Si kwamba haiwezekani. Indonesia wanazalisha tewa miaka mingi sasa, ingawa ni kazi ya kukesha: kifaranga kikianguliwa mdomo wake ni mdogo mno, chakula chake sharti kiwe cha kuonekana kwa hadubini, na kikikua kidogo tu chaanza kula wenzake, hivyo kila mara wavichambue kwa ukubwa. Lakini kufuga ni jambo moja, kujaza bahari ni jingine. Norwe walianza miaka ya 1880 kumwaga baharini vifaranga vya samaki wanaomwita kodi (si hii tunayodaiwa na serikali), kwa mamilioni, hadi mwaka 1971. Hakuna aliyethibitisha kwamba samaki waliongezeka.

Na tewa ana mambo yake. Huanza maisha akiwa jike, akishakuwa mkubwa ndipo huweza kugeuka dume. Kwa hiyo yule jitu ambaye tajiri wa samaki humlipia vizuri, mara nyingi ndiye dume lenyewe. Tena hutaga kwa kukusanyika, mahali pale pale, msimu ule ule. Mvuvi akishapajua, mshipi tu wamtosha kuwamaliza.

Visiwa vya Cayman, huko Karibi, walipiga marufuku kuvua tewa wao kwenye makutano hayo kuanzia mwaka 2003. Baada ya miaka kama 15, wale wa kisiwa cha Little Cayman walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tatu, bila tangi hata moja. Sisi hata pa kukulia tumepachokonoa: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Kifaranga kikatupwe hapo, kati ya matope na juya?

Pesa za matangi, nikasema, wapewe kwanza wavuvi ili wapumzishe makutano msimu wa kutaga. Mtu hawezi kuambiwa asivue na watoto wana njaa. Matangi yaje baadaye, yakihitajika.

Mzee mmoja alikuwa kimya muda wote, akinywa kahawa yake. Akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, na kile kichwa ulichopita nacho mchana, kilikuwa cha samaki gani?"

Supu nilikuwa nimeshaimaliza.