Karatasi mbili za Julai 25, 1945

Nimesimamia midahalo ya shule kwa miaka kadhaa sasa. Mada ikiwa bomu la Hiroshima, hazipiti dakika tatu kabla mwanafunzi mmoja hajasimama na kusema Marekani iliokoa maisha ya watu milioni moja. Anaitaja milioni hiyo kama anayetaja urefu wa Mlima Kilimanjaro. Upande wa pili nao una wimbo wake: Japani ilikuwa imekwisha kukubali yaishe, bomu lilikuwa la kumtisha tu Stalin, kiongozi wa Wasovieti. Makofi, kengele, watu wanatawanyika.

Safari ya mwisho niliweka sharti. Hakuna dai bila waraka wa wakati ule: shajara, amri ya kijeshi, kumbukumbu za kikao, simu za kibalozi. Nyaraka nyingi za Washington zilikwisha kufunguliwa zamani na zinasomeka bure, kwa hiyo visingizio havikuwepo.

Tuanze na hiyo milioni, maana mimi hainitoki kichwani. Ilienea kuanzia Februari 1947, katika makala ya Henry Stimson, aliyekuwa Waziri wa Vita wa Marekani, kwenye jarida la Harper's. Vita ilikuwa imekwisha mwaka mmoja na nusu, wakosoaji wameanza kupaza sauti, na James Conant, mmoja wa wakubwa wa mradi wa bomu, alikuwa amemhimiza Stimson ajibu. Stimson akaandika kwamba aliarifiwa kuivamia Japani kungeweza kuligharimu jeshi la Marekani peke yake zaidi ya watu milioni moja. Ila neno la Kiingereza alilotumia, "casualties", ni lile ambalo jeshi huhesabia waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, wote kapu moja. Askari aliyevunjika mguu akarudi kwao Ohio kulea wajukuu yumo ndani ya hiyo milioni. Kwetu neno hilo limefasiriwa "maisha", na tangu hapo kila majeruhi amekuwa marehemu.

Sasa rudi hadi Juni 18, 1945, Ikulu ya Marekani. Kumbukumbu za kikao cha siku hiyo zipo. Jenerali George Marshall, Mkuu wa Majeshi, anamweleza Rais Harry Truman mpango wa kuvamia kisiwa cha Kyushu Novemba 1, na anasema hasara ya siku 30 za kwanza haitarajiwi kuzidi ile ya mapigano ya kisiwa cha Luzon, Ufilipino. Jedwali linaitaja ya Luzon: 31,000, kwa hesabu ileile ya kapu moja. Admirali William Leahy, mshauri wa kijeshi wa Rais, hakuridhika. Kwenye kisiwa cha Okinawa tumepoteza asilimia 35 ya kikosi, akasema, basi kadirieni kwa kiwango hicho. Marshall akataja askari 766,700 watakaohusika. Piga hesabu mwenyewe: kama 268,000. Kumbukumbu hazionyeshi mtu yeyote mle chumbani aliyeimalizia hesabu hiyo.

Haki isemwe, makadirio ya Juni yalipitwa upesi. Mawasiliano ya Wajapani yaliyonaswa kuanzia Julai yalionyesha askari wakimiminwa Kyushu kuliko Washington ilivyodhani. Hofu ya mauaji makubwa ilikuwa ya wakati ule na ilikuwa ya kweli. Milioni ndiyo iliyoenea baadaye, na ilienea wakati mtu anajitetea.

Nashikilia jambo hili kwa sababu wanaolihoji bomu naona wanaonewa. Huambiwa wanahukumu mambo ya 1945 kwa macho ya leo, wamekaa kivulini kwenye viti vya plastiki. Haya, macho ya leo tuyaweke kando. Zipo karatasi mbili zenye tarehe moja.

Ya kwanza ni ya Truman mwenyewe, akiwa kwenye mkutano wa Potsdam, Ujerumani. Katika shajara yake ya Julai 25, iliyokuja kuonekana zaidi ya miaka 30 baadaye, anaandika kwamba amemwambia Stimson silaha ile itumike ili shabaha iwe mahali pa kijeshi, askari na mabaharia, wala si wanawake na watoto. Anaongeza kwamba shabaha itakuwa ya kijeshi tupu.

Ya pili ni amri. Siku hiyohiyo, Jenerali Thomas Handy, aliyekaimu nafasi ya Marshall kule Washington, anamwandikia Jenerali Carl Spaatz, mkuu wa ndege za mabomu za Marekani kule Pasifiki. Ni waraka mfupi wenye lugha kavu ya ofisini. Kikosi cha ndege cha 509 kitapeleka "bomu maalumu" la kwanza mara hali ya hewa itakaporuhusu kuona shabaha kwa macho, kuanzia Agosti 3 hivi, kwenye mojawapo ya hizi: Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki. Hakitajwi kiwanda, kambi wala gati. Zinatajwa shabaha nne kwa majina ya miji, basi. Unasema umetolewa kwa idhini ya Waziri wa Vita na Mkuu wa Majeshi. Kwenye idhini hiyo Rais hatajwi.

Ukitaka kujua kati ya karatasi hizo mbili ipi ilikuwa inaendesha ndege, soma kumbukumbu za kamati ya Stimson za Mei 31. Walikubaliana kwamba Wajapani wasipewe onyo, na kwamba eneo la raia lisilengwe. Mstari huohuo unaendelea kusema watafute kuacha mshtuko mkubwa katika mioyo ya wakazi wengi iwezekanavyo. Na shabaha bora kuliko zote? Kiwanda muhimu cha vita chenye wafanyakazi wengi, kilichozungukwa kwa karibu na nyumba za wafanyakazi. Nilimwomba binti mmoja wa kidato cha nne alisome hilo kwa sauti. Alifika kwenye "nyumba za wafanyakazi" akanyamaza, akauliza kama amekosea kusoma. Hakukosea. Kamati ya kuchagua shabaha, iliyokaa Los Alamos Mei 10 na 11, iliisifu Hiroshima kwa vilima vyake vilivyo karibu, kwamba vingeweza kuukusanya mlipuko na kuongeza uharibifu. Hiroshima ilikuwa na makao makuu ya jeshi, ni kweli. Lakini waliokufa huko hadi mwisho wa 1945, wanaokadiriwa kuwa 140,000, wengi wao hawakuwa na sare.

Wala si kwamba pingamizi lilikuja baada ya moshi kutulia. Julai 17 wanasayansi 70 wa mradi uleule walitia saini ombi lililoandikwa na mwanafizikia Leo Szilard, wakimsihi Rais asilitumie bomu kabla Japani haijaelezwa masharti kwa uwazi na kuyakataa. Halikumfikia.

Upande unaolitetea bomu nao una karatasi zake, tena nzito. Wamarekani walikuwa wakizisoma simu za siri za wanadiplomasia wa Japani. Wakosoaji huipenda sana ile ya Julai 12, ambamo Waziri wa Mambo ya Nje Shigenori Togo anamwandikia Balozi Naotake Sato huko Moscow kwamba Mfalme anatamani vita iishe haraka. Wanafunzi wangu waliinukuu, wakakaa chini kwa ushindi. Hawakufika Julai 21. Sato, mtu mkweli ajabu kwa mwanadiplomasia, alikuwa amemwambia mkubwa wake kwamba njia iliyobaki ni kusalimu amri bila masharti au kitu kinachokaribiana na hicho. Togo akamjibu kwamba kusalimu bila masharti hawawezi kukubali kwa hali yoyote ile. Kutamani vita iishe ni jambo moja, kukubali umeshindwa ni jingine.

Halafu kuna usiku wa Agosti 14. Mabomu mawili yamekwisha kuanguka, Wasovieti wameingia Manchuria, eneo la China lililoshikwa na Japani, Mfalme Hirohito amerekodi hotuba ya kusalimu, na bado maofisa vijana wakaingia kwenye viwanja vya ikulu yake, wakamuua jenerali wa walinzi, wakaisaka santuri ya hotuba hiyo isipate kurushwa. Anayedai Japani ilikuwa imekubali tangu Julai ana kazi ya kuueleza usiku huo. Na vita haikuwa ya Wamarekani na Wajapani peke yao. Askari wetu wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana Burma mwaka 1944. Februari ya mwaka huo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani na karibu watu 1,300 wakapotea. Familia zilizokuwa na kijana kule zisingeulizana sana vita imeishaje.

Je, ni bomu lililoimaliza? Mfalme mwenyewe ameacha majibu mawili. Kwa taifa, Agosti 15, alisema adui ameanza kutumia bomu jipya la kikatili mno. Kwa wanajeshi, Agosti 17, alisema Wasovieti wameingia vitani, bomu hakulitaja. Kila upande unachukua hotuba yake na kwenda nayo. Tungepata mengine zaidi, ila kati ya kutangazwa kusalimu na kufika kwa Wamarekani ofisi za jeshi la Japani zilichoma majalada kwa wingi. Ndiyo maana ripoti ya Marekani ya 1946, inayodai Japani ingesalimu kabla ya mwisho wa 1945 hata bila bomu, naisoma kwa tahadhari ingawa inanipendeza. Inategemea mno mahojiano ya watu waliokwisha kushindwa, wakijibu maswali ya aliyewashinda. Na kuna wengine wasiomo kabisa katika majalada haya: wachimbaji wa Shinkolobwe, Katanga, ambako ilitoka sehemu kubwa ya urani ya mradi. Kiswahili kilikuwa lugha ya migodi ile. Katika karatasi za Washington wao ni tani za mawe.

Hata nikiyaweka yote haya kwenye mizani, Hiroshima naweza kubishana nayo hadi usiku. Nagasaki siwezi. Aya ya pili ya amri ya Handy inasema mabomu mengine yatadondoshwa kwenye shabaha hizohizo kadiri yatakavyokuwa tayari. Hapahitajiki kikao kingine. La pili lilipangwa Agosti 11. Utabiri wa hali ya hewa ukawa mbaya, likasogezwa hadi tarehe 9. Lilikuwa la Kokura. Kokura haikuonekana vizuri kutoka juu, ndege ikageukia Nagasaki na kulidondosha juu ya bonde la Urakami saa tano na dakika mbili asubuhi. Wakati huo wakubwa sita wa Japani walikuwa kikaoni Tokyo wakijadili kusalimu amri. Habari za Nagasaki ziliwakuta mle ndani. Walikuwa wamegawanyika watatu kwa watatu, na baada ya habari hizo wakabaki watatu kwa watatu.

Kesho yake Truman aliwaambia mawaziri wake kwamba ameagiza mabomu yasimamishwe. Henry Wallace, mmoja wa mawaziri hao, aliyaandika katika shajara yake: Rais alisema wazo la kufuta watu wengine 100,000 linatisha kupita kiasi, na kwamba hakupenda kuwaua "watoto wote wale". Siku hiyohiyo Jenerali Leslie Groves, mkuu wa mradi wa bomu, alimwarifu Marshall kwa maandishi kwamba bomu la tatu lingekuwa tayari siku ya kwanza yenye hali nzuri ya hewa baada ya Agosti 17 au 18. Chini ya taarifa hiyo Marshall aliandika kwa mkono wake: lisidondoshwe juu ya Japani bila idhini ya wazi ya Rais. Sentensi hiyo haimo kwenye amri ya Julai 25.