Kijitu cha Penfield na tonge la ugali

Mtazame mtu anayekula ugali. Anamega tonge, analifinyanga, analibonyeza kwa dole gumba, anachovya mchuzi. Mkono ukiwa bado njiani, mdomo umeshaanza kufunguka. Je, ubongo ulituma amri mbili, ya mkono na ya mdomo, au ulituma moja tu: kula?

Vitabu vingi vinafundisha jibu la kwanza. Mwaka 1870 huko Berlin, Fritsch na Hitzig waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu, na mguu wa upande wa pili ukashtuka. Baadaye Wilder Penfield, daktari wa upasuaji wa Montreal, alifanya hivyo kwa wagonjwa wa kifafa waliokuwa macho wakati wa upasuaji. Mwaka 1937 yeye na Edwin Boldrey wakachapisha kile kijitu maarufu, mchoro wa mwili unaoonyesha kila kiungo kina sehemu kubwa kiasi gani ubongoni, midomo na vidole vikubwa kupita kiasi, kiwiliwili kiduchu. Kila kiungo na kiwanja chake.

Mwaka 2002 Michael Graziano na wenzake wa Princeton waligeuza jambo moja tu, muda. Umeme wa kufumba na kufumbua wakaurefusha hadi nusu sekunde, kwenye ubongo wa kima. Kima akakunja vidole kama aliyeshika kitu, akapeleka mkono kinywani, akafungua kinywa. Popote mkono ulipoanzia, uliishia palepale. Hilo ni jibu la pili: amri moja, tendo zima.

Wapinzani wake wana hoja nzito: kwa ubongo, nusu sekunde ni muda mrefu, umeme unasambaa hadi kwa majirani, na huenda tunachokiona ni tabia ya umeme wenyewe. Sawa. Ila kisu hicho kinakata pande zote mbili. Umeme wa Penfield nao haukuwa wa asili. Yeye mwenyewe alieleza kwamba wagonjwa walimwambia si wao waliosogeza mkono, ni yeye.

Mwaka 2023 Evan Gordon, Nico Dosenbach na wenzao walipima ubongo kwa mashine ya MRI, bila kufungua fuvu. Maeneo ya mguu, mkono na mdomo waliyakuta. Katikati yake, hata hivyo, walikuta vipande visivyo vya kiungo chochote, vilivyounganika na sehemu za kupanga matendo na za kuendesha shughuli za ndani ya mwili. Kijitu kimekatwakatwa, lakini hakijafutwa.

Mimi naegemea upande wa Graziano, kwa sababu ya lile tonge. Kinachonizuia kuegemea moja kwa moja ni kiharusi. Kidonda kidogo kikiangukia eneo la mkono, mtu huamka kiganja kimelegea peke yake, akadhani ameulalia mkono. Mdomo unafunguka vizuri, bega linainuka, ila tonge halishikiki. Kama ubongo ungejua kazi tu, kulikosa eneo hilo kungeharibu kula kote, si vidole pekee.