Halati hakupata nafuu, kabadilishiwa karatasi

"Akili imeimarika, alama 23 kati ya 30." Maneno haya yameandikwa kwenye faili la halati yangu, dada wa mama, na kila nikiyakumbuka damu inanichemka.

Halati kapata kiharusi, kapooza upande wa kushoto. Hospitali ya kwanza, kule Pemba, walimpima akili akapata 17. Akapewa rufaa, akavushwa Unguja, huko wakampima tena akapata 23. Nyumba nzima tukamshukuru Mungu. Mwenyewe akataka arudishiwe upatu wake, maana ndiye kijumbe wa mtaa wao Wete tangu sisi wadogo, na hajawahi kuweka daftari: zamu za watu wote anazo kichwani. Haukupita muda akamlipa mtu mmoja mara mbili, na mama aliyekuwa akingojea pesa za ada ya mwanawe akarudi mikono mitupu. Sasa wanamwita mwizi.

Nilipoomba kuziona karatasi zenyewe ndipo nikaelewa. Kule walitumia MoCA, kipimo cha Kanada kilichochapishwa 2005. Huku wakatumia MMSE, ya 1975. Vyote vina alama 30, lakini MoCA ni kigumu zaidi, kwa sababu kinachimba uwezo wa kupanga mambo na kutuliza umakini, mambo ambayo kiharusi huyavuruga sana na MMSE huyagusa juu juu. Mtu yule yule, siku ile ile, anaweza kupata 17 kwa MoCA na 23 kwa MMSE. Basi imeimarika nini?

Presha ikipimwa Micheweni au Makunduchi, 180 ni 180. Kwa nini akili ya mgonjwa wa kiharusi ibadilike kwa kuvuka bahari? Wataalamu wa Marekani na Kanada, pamoja na utajiri wao wa vipimo, waliona hawaelewani, na mwaka 2006 wakatoa mapendekezo ya pamoja: seti ya vipimo ya dakika 60, ya 30, na ya 5 kwa mwenye haraka. Sisi hatuna hata moja tuliyokubaliana visiwa viwili.

Wala sisemi tuchukue cha kwao tukitafsiri basi. MoCA inamtaka mtu achore mchemraba, aunganishe namba na herufi, amtaje kifaru kwa picha. Mpaka wake ni alama 26, chini ya hapo akili inahesabiwa ina kasoro, na ambaye hakusoma sana anaongezewa alama moja. Moja! Halati kasoma chuoni, chuo cha Kurani, Msahafu kaukhitimu, lakini kalamu ya kuchorea hajaishika maisha yake. Mtu kama yeye anaweza kuanguka chini ya 26 akiwa mzima wa afya. Lazima kwanza wapimwe wazima wetu, wavuvi wa Nungwi, wachuma karafuu wa Mkoani, walimu wastaafu wa Mji Mkongwe, kwa umri wao na kwa skuli waliyosoma, ndipo tujue cha kumlinganishia mgonjwa. Hilo linawezekana. Kule Hai, Kilimanjaro, kimejaribiwa kipimo cha IDEA ambacho mzee hachori chochote, anapanga njiti za kibiriti. Kile ni cha maradhi ya usahaulifu, si cha kiharusi, lakini njia imeonyeshwa.

Na kiharusi kina mambo yake. Halati anakula wali wa upande wa kulia wa sahani, wa kushoto unabaki pale na samaki wake, kisha anauliza mbona leo hakuwekewa samaki. Macho yake hayana kasoro, ni ubongo ndio unaousahau upande wa kushoto. Karatasi zote mbili hazikuwa na mahali pa kuliandika hilo. Kipimo cha Oxford cha 2015, kilichotengenezwa makusudi kwa wagonjwa wa kiharusi, kinalitafuta, na aliyepotelewa na kauli anaruhusiwa kujibu kwa kidole. Majirani wamesema ni shetani. Sibishani nao, maana hospitali haikuwapa jibu jingine.

Najua wauguzi ni wachache na wodi zimejaa. Haya, nakubali. Lakini halati kapimwa hospitali mbili, kwa hiyo muda ulipatikana mara mbili, na mara zote mbili umepotea.

Wizara ikichelewa, daktari anaweza kuanza kesho asubuhi. Pembeni ya namba aandike jina la kipimo, kiwango cha elimu ya mgonjwa, na kiharusi kilimpata lini. "23, MMSE, kasoma chuoni tu." Wa hospitali ya pili akiisoma hiyo, hataiweka kando ya 17 ya MoCA na kuandika kwamba akili imeimarika.